Kwaya Iliyovimba Mashavu

Landi za Reli,
Nakuru.
6 Julai 1958

Kwa shemeji yangu Kosgei,

Pokea salaam nyingi na uzigawe: nusu zako, nusu za mama watoto, na zikibaki umpe yule mbwa wako aliyenirarua suruali siku ya Krismasi. Huku landi, kwenye nyumba hizi za wafanyakazi wa reli, hatujambo. Dada yako Jepkoech yuko salama. Cheptanui wetu anaongea kutwa nzima, sijui anayatoa wapi maneno yote hayo. Nami mchana niko stesheni na mizigo ya watu, jioni nahangaika na kwaya.

Sasa sikia. Mashindano ya kwaya yamepangwa Jumamosi tarehe 23 Agosti, pale uwanja wa maonyesho. Bwana Ratilal wa duka la nguo ametoa kikombe tena, amekisugua mpaka unaweza kujinyolea ndevu ukikitazama. Najua mwaka jana ninyi wa Kariandusi ndio mlikichukua. Sitaki kulizungumzia. Wachimba mawe kuwashinda watu wa reli kwa kuimba ni jambo ambalo kila nikilikumbuka nasikia masikio yakinichoma.

Lakini si kikombe kilichonishikisha kalamu, ni dada yako. Anataka kujua kama ni kweli Mzee, baba yenu, amekubali kuja kusikiliza. Unajua mwenyewe: tangu tulipofunga ndoa kanisani bila kungoja neno lake, Mzee Kimaiyo hajakanyaga mlango wangu, wala hataki sisi tukanyage wake. Mjukuu wake ana miaka minne na hajamwona. Jepkoech halii mbele yangu. Huenda jikoni akasema ni moshi, hata siku ambayo moto haujawashwa.

Basi niambie ukweli. Mzee anakuja, au ulikuwa unamfurahisha dada yako tu?

Shemeji yako,
Khisa


Kariandusi,
13 Julai 1958

Shemeji Khisa,

Barua yako nimeipata na salaam nimezigawa. Sisi wote wazima. Mbwa pia mzima, anakuulizia.

Mzee anakuja. Nilikwenda kwake Ravine mwenyewe nikakaa naye siku mbili tukizungumza habari za ng'ombe tu, kwa sababu ukianza na habari zako anainuka na kuondoka. Jioni ya pili nikamwambia, "Baba, mwezi wa nane kuna kuimba Nakuru. Kwaya yangu inatetea kikombe."

Akauliza, "Na yule mtu atakuwepo?" Wewe kule huna jina, shemeji, nisikudanganye. Nikasema utakuwepo.

Akachokoa meno, akatazama zizi. Kisha akasema, "Nyumbani kwake siingii. Lakini uwanja ni wa serikali, hakuna mtu wa kunizuia kukaa hapo. Na Jepkoech akipita pale nilipokaa, nitamfukuzaje? Si uwanja wangu."

Nilitoka nje nikacheka peke yangu, halafu nikakaribia kulia. Mwambie dada yangu atengeneze mursik, yale maziwa ya kibuyu, kama alivyokuwa akitengeneza mama. Siku hiyo apite mbele ya Mzee polepole.

Kabla ya hapo Mzee atakuja kukaa kwangu wiki ya mwisho ya mwezi huu. Anataka kuhakikisha tunaimba vizuri, asije akaaibishwa mbele ya watu wa mjini. Kwa hiyo haya mashindano lazima yawepo. Yasipokuwepo, mimi sijui mahali pengine ambapo si kwake na si kwako. Namjua baba yangu. Mlango huu ameuacha wazi kidogo tu, na ukifungwa hatashika tena komeo.

Kuhusu kikombe, nakushauri uzoee.

Shemeji yako,
Kosgei


Landi za Reli,
Nakuru.
27 Julai 1958

Shemeji yangu Kosgei,

Hujambo? Safari hii nijibu kweli, usinijibu kwa desturi. Mashavu yako hayajambo? Watoto wanameza vizuri?

Nauliza kwa sababu matubwitubwi yameingia kule Bahati na yanateremka kuja mjini. Shule moja imekwisha kufungwa. Juzi Bwana Kang'ethe wa Idara ya Afya alituingilia katikati ya mazoezi na baiskeli yake, akatukatiza wimbo pale pazuri kabisa, akatangaza: kwaya itakayoonekana na mtu hata mmoja aliyevimba haikanyagi uwanja. Zikiwa kwaya mbili, mashindano yote yanafutwa. Kisha akapita mbele yetu akitukagua mashavu kama mtu anayenunua ndama.

Sisi ni wazima. Micah wetu wa besi shavu limejaa kidogo, lakini hilo ni jino. Akeyo wa soprano naye ana jino. Cheptanui pia jino. Kwa jumla huku ni meno tu, shemeji, labda ni hii sukari ya siku hizi. Bwana Kang'ethe alipokuwa akikagua, watu wote wa meno walikuwa wamekwenda chooni kwa pamoja. Mambo hutokea.

Dada yako amepata kibuyu kizuri kwa mama mmoja wa kwenu hapa landi. Anakisugua kwa mkaa, anatia maziwa, anayangoja, anaonja, anasema bado. Haya ya "bado" tunakunywa sisi. Nimeshiba mursik mpaka nikilala nasikia inacheza. Hajawahi kunitazama kwa furaha hivi tangu Cheptanui azaliwe, kwa hiyo nakunywa.

Nijibu upesi kuhusu mashavu.

Shemeji yako,
Khisa


Kariandusi,
4 Agosti 1958

Shemeji,

Jino! Mtoto wa miaka minne, jino gani hilo? Haya, sisemi kitu. Nawapa pole kwa meno yenu yote.

Huku hakuna matubwitubwi. Kariandusi kuna hili vumbi jeupe la mgodini, na hakuna ugonjwa unaoweza kuishi ndani yake. Hata hivyo kwaya imeamua kwamba siku ya mashindano kila mwimbaji ajipake vumbi hilo usoni, kuanzia kope mpaka shingoni, liwe nene. Ndiyo sare yetu mpya. Itaonyesha watu kazi tunayofanya. Ukijipaka hivyo, mtu hawezi kujua nani ana uso mnene na nani mwembamba, lakini hiyo si sababu, ni mapambo tu. Tumebadilisha nyimbo pia. Tumechukua zile ambazo hazihitaji kufungua mdomo sana.

Mzee alikuja, akakaa wiki nzima, na hakukosa mazoezi hata siku moja. Alimwambia kila mwimbaji makosa yake akiwa amemshika bega na kumwekea mdomo sikioni, kwa sababu anasema waimbaji wote ni viziwi. Wakipumzika alikunywa nao maji kwenye kikombe kimoja. Watu wangu wamempenda na wamemwogopa.

Siku ya kurudi Ravine tulikuwa barabarani tukingoja loli. Akatazama upande wa Nakuru, akaniuliza, "Yule mtoto wao anaitwa nani?"

Nikamwambia, Cheptanui.

"Hm," akasema. "Jina la kwetu." Halafu loli ikaja, akaanza kugombana na dereva juu ya mahali pa kuweka kigoda chake.

Usimwambie Jepkoech. Au mwambie. Wewe ndiye unayeishi naye.

Shemeji yako,
Kosgei


Landi za Reli,
Nakuru.
13 Agosti 1958

Shemeji yangu,

Salaam. Sisi si wazima. Maisha yangu yote sijawahi kuandika hivyo mwanzoni mwa barua, na mkono ulikataa mara mbili.

Si meno. Nusu ya kwaya imevimba. Soprano wanatoa sauti kama mlango. Besi nao kuna mtu amewaambia kwamba ugonjwa huu kwa mwanamume mzima huteremka kutoka shavuni mpaka mahali ambapo hakuna anayependa uteremkie, na sasa wanatembea wametanua miguu na wanataka kuimba wakiwa wamekaa. Bwana Kang'ethe amesema Jumanne atarudi, na safari hii atashika kila shavu kwa mkono wake. Choo hakitatusaidia.

Nilimwambia Jepkoech lile la jina. Alininyang'anya shati nililokuwa nimevaa akaenda kulifua. Siwezi kumwambia sasa kwamba hakuna mashindano. Siwezi, shemeji.

Kwa hiyo nimefikiri. Kwetu Kimilili mtu wa matubwitubwi hajifichi. Anafunga mzigo wa kuni, anaubeba kichwani mpaka kwenye murembe, ule mti wa maua mekundu. Anauzunguka mti akiuambia ugonjwa ubaki pale, anautupa mzigo, kisha anakimbia nyumbani bila kutazama nyuma. Ukitazama nyuma, ugonjwa unakufuata. Mimi nilifanya hivyo nikiwa mtoto, nikapona. Dada yako anasema ningepona hata bila kuni. Anasema hivyo kwa sababu ni wa kwenu.

Kuna murembe mkubwa nyuma ya nyumba za maafisa. Jumatatu asubuhi tunakwenda, kwaya nzima.

Sasa nawe niambie ukweli juu ya hilo vumbi.

Shemeji yako,
Khisa


Kariandusi,
15 Agosti 1958

Shemeji,

Barua hii naituma kwa mkono wa gadi wa treni ya mizigo ikufikie upesi.

Vumbi ni la kuficha. Nimebaki na soprano wawili, na mmoja ameanza kushika shingo. Mimi mwenyewe naandika nikiwa nimefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, na mke wangu kila akiniona anakaa chini kucheka. Ile habari ya besi usinitajie tena. Nimeacha kupanda baiskeli.

Fanya hayo ya kuni. Siuamini huo mti wako hata kidogo, lakini nimejaribu vumbi, nimejaribu chumvi ya moto, nimejaribu maombi, na shavu liko palepale.

Mzee ataondoka Ravine Jumatano kwa loli. Mashindano ni Jumamosi, lakini anasema watu wa mjini watachukua nafasi za mbele. Atalala kwa rafiki yake Kemboi waliyekuwa naye jeshini. Akisikia mashindano yamefutwa kabla hajafika, atasema hiyo ni dalili, atageuza, na hatutamsikia tena akiuliza jina la mtoto. Mwache afike. Mwache akae pale uwanjani, hata kama tutamwimbia watu wanne.

Nakutegemea. Sikupendi sana leo, lakini nakutegemea.

Shemeji yako,
Kosgei


Landi za Reli,
Nakuru.
18 Agosti 1958

Shemeji yangu Kosgei,

Nakusalimu kwa aibu. Mambo yameharibika, na nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, maana watu wataongeza, ingawa sioni wataongeza nini.

Leo asubuhi tulifika kwenye murembe, kila mtu na kuni zake kichwani na kitambaa mashavuni. Tukauzunguka mti. Tukauambia ugonjwa ubaki. Na kwa kuwa sisi ni kwaya, tuliuambia kwa sauti nne, na nakuapia mwaka huu hatujaimba vizuri namna ile. Hilo ndilo lililotuponza. Kumbe Bwana Kang'ethe anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alitoka na fulana, mswaki mdomoni, na alichokiona ni umati wa watu waliojifunga nyuso wakitupa mizigo ya kuni na kutimua mbio. Akadhani ni wezi wa kuni za serikali. Akarukia baiskeli.

"Simameni! Geukeni!"

Sasa tungegeukaje, shemeji? Mzigo tumeshautupa. Kugeuka ni kuuchukua ugonjwa upya. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo tulivyokaza shingo na kuongeza mwendo. Tukapita sokoni, na akina mama wa mboga wakaanza kukimbia pamoja nasi bila kujua tunakimbia nini. Aliyekamatwa ni Micah, mwili wake hauendi na mbio. Na hata alipokamatwa hakugeuka. Alijibu kila swali, jina, kazi, kwaya, akiwa amempa Bwana Kang'ethe mgongo, mpaka ikabidi mtu wa serikali amzunguke. Ndipo akamfungua kitambaa.

Saa nne Bwana Kang'ethe alikuwa mlangoni pangu. Tulipangwa mstari, na wala hakuhitaji kumshika mtu. Tena alikuwa amepigiwa simu kutoka Gilgil: daktari aliyepita Kariandusi alimkuta mwimbaji wako mmoja akinawa lile vumbi usoni. Hizo ni kwaya mbili. Mashindano yamefutwa. Ratilal amekirudisha kikombe kabatini.

Landi nzima inacheka, na mimi nilicheka nao kidogo. Jepkoech hakucheka. Alimfuata Bwana Kang'ethe mpaka barabarani akamsihi, akamweleza habari za baba yake Mzee Kimaiyo anayetoka Ravine, yote, mbele ya watu, yeye ambaye hajawahi kumwambia mtu shida yake. Bwana Kang'ethe alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema hana uwezo. Jepkoech aliporudi ndani hakunilaumu. Alikichukua kibuyu akakitundika kwenye msumari, akasema, "Basi."

Mimi ndiye niliyewapeleka watu kwenye ule mti. Ningekwenda Ravine nikampigia Mzee magoti, lakini tumekatazwa kutoka mpaka tupone. Tafadhali mpelekee habari asipande loli. Afadhali asikie kwako kuliko akute uwanja mtupu.

Shemeji yako,
Khisa


Kariandusi,
21 Agosti 1958

Shemeji,

Poleni, na sisi tupeni pole. Barua yako imefika leo, Alhamisi. Mzee ameondoka jana. Tumekatazwa kutoka kambini, na Kemboi hana simu. Sijui yuko wapi wala amelala wapi. Mtume mtu yeyote ambaye hajavimba akamtafute.

Kosgei


Landi za Reli,
Nakuru.
24 Agosti 1958

Shemeji yangu Kosgei,

Mzee yuko kwangu. Ndani. Kaa kwanza, kunywa maji, nikueleze.

Alishuka loli Jumatano na kigoda chake, fimbo na blanketi. Kwa Kemboi hakwenda. Alikwenda moja kwa moja uwanjani kushika nafasi ya mbele. Akakuta uwanja mtupu, akaona ni jambo zuri, amewatangulia watu wa mjini. Akakaa katikati. Alasiri Bwana Kang'ethe akaja kubandika tangazo la kufutwa, akamkuta pale, shavu la kushoto limevimba na la kulia linaanza. Matubwitubwi hayo ni yako, shemeji. Ni ya kile kikombe kimoja cha maji. Si yangu, nataka hilo lieleweke katika ukoo.

Bwana Kang'ethe akamwambia kwamba mgonjwa hapandi gari wala halali kwenye nyumba ya wazima. Je, ana jamaa yeyote mjini ambaye nyumba yake ina ugonjwa huo tayari? Mzee akasema hana mtu Nakuru. Akamwuliza jina. Mzee akalitaja. Basi yule bwana akakifunga kigoda nyuma ya baiskeli yake, akamwongoza kuja huku.

Mimi nilisikia kengele nikatoka. Nilipoona nani anakuja, miguu ilitaka kunirudisha ndani. Mzee akasimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili ili serikali ielewe, "Mimi siingii. Naingizwa. Andika hivyo." Bwana Kang'ethe akatoa kalamu akaandika. Ndipo Mzee akainama akapita.

Hakunitazama, na mimi nilikuwa nimesimama ukutani kama kabati. Jepkoech akatoka jikoni, mikono yote unga. Walitazamana. Nilifikiri atapiga magoti, nilifikiri atalia, nilifikiri mambo mengi. Akasema, "Baba, hicho kitambaa hakijafungwa vizuri." Akakifungua, akakifunga upya taratibu, unga ukimbaki Mzee masikioni, na Mzee akamwachia kichwa chake akafumba macho. Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye mfereji. Nililia, shemeji, sina haya kukuambia. Micah alipita akaniuliza kama yameteremka.

Cheptanui bado amefungwa mashavu, na alipomwona babu yake alidhani wamepewa sare moja. Wanakula uji kwenye bakuli moja kwa kuwa ndicho wanachoweza kumeza. Mimi Mzee ananisemesha kupitia mtoto: "Mwambie huyo mtu mlango wake unapitisha upepo." Nimeuziba.

Shemeji yako,
Khisa


Kariandusi,
5 Septemba 1958

Shemeji Khisa,

Barua yako nimemsomea mke wangu mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimepona, na baiskeli nimeirudia, Mungu asifiwe. Waimbaji nao wamepona, sasa wanaimba vizuri, wakati hakuna wa kuwasikiliza.

Jumamosi tarehe 13 loli ya mgodini inakuja Nakuru. Nitakuwa ndani yake, nimchukue Mzee nimrudishe Ravine. Namjua, atakuwa amewachosha wote na anatazama mlango. Mwambie afunge blanketi lake mapema. Mwambie pia naomba radhi kwa kile kikombe cha maji.

Shemeji yako,
Kosgei


Landi za Reli,
Nakuru.
9 Septemba 1958

Kwa mwanangu Kosgei,

Ni mimi baba yako ninayesema, na huyu mtu anaandika, kwa sababu macho yangu na karatasi hayapatani. Nimemwambia aandike kila neno linavyotoka, asipunguze wala asiongeze la kwake. Ameapa.

Salaam kwako na nyumba yako. Mimi si mzima.

Kwaya yako iliimba vibaya na ikanitia ugonjwa. Ningejua ningekunywa maji mtoni. Nyumba hii nayo ina upepo, na treni inapita karibu sana na kichwa changu. Huyu anayeandika anaimba akinyoa ndevu. Anaimba vizuri kuliko wewe. Hilo nilikuwa nasema tu, asiliandike. Naona ameliandika.

Mursik ya dada yako ilikuwa na mkaa mwingi. Nimemwonyesha. Sasa inanyweka, lakini lazima mtu mzima awe karibu kumsimamia, akiachwa peke yake atakosea tena. Mtoto hajui kuhesabu ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hapa hakuna. Namfundisha kwa mabehewa. Anaruka nne kila siku. Siwezi kumwacha katika hali hiyo.

Kuhusu loli ya Jumamosi, usije. Shavu la kushoto bado limevimba. Serikali imesema mgonjwa hapandi gari, na mimi ni mtu wa kufuata sheria. Likipungua utaambiwa. Magonjwa haya ya mjini hayana haraka. Nadhani itakuwa baada ya mvua.

Mwangalie yule maksai wangu mwekundu, ana kiburi.

Baba yako,
Kimaiyo

Shemeji, hapa chini ni mimi. Mzee ametoka, amempeleka Cheptanui kutazama treni inayotoka Kisumu. Shavu la kushoto lilikwisha wiki iliyopita. Ijumaa Bwana Kang'ethe alikuja kumpa ruhusa ya kusafiri. Mzee alimkaribisha kwa mkono tu, hakufungua mdomo, akamgeuzia shavu alishike. Ndani ya shavu alikuwa ameweka kiazi. Bwana Kang'ethe alikibonyeza kwa nje, akanitazama mimi, akamtazama Jepkoech, akaandika kwamba mgonjwa hajapona, akaenda zake.

Sasa kiazi hicho ni kazi ya dada yako. Anamchemshia kipya kila asubuhi, na anachagua kilicho kidogo, kisimwumize fizi.

Kwa hiyo usije Jumamosi.

Shemeji yako,
Khisa